Mali Bila Daftari: Programu Ndogo Iliyoondoka na Majina ya Wazee Wetu



Wazee wetu wametuachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi katika nyumba yetu tulikuwa na mali, na daftari pia tulikuwa nalo. Kosa letu ni kuwa daftari lile tulilitundika kwenye msumari wa mtu mwingine. Siku alipoukarabati ukuta wake, msumari uling'oka na daftari likaenda nao. Tunapenda kuwaelezeni yaliyotufika, kwani tunaamini nyumba nyingi zimo katika hali hiyohiyo bila ya kujijua.

YALIYOTUFIKA

Mali yenyewe ni picha. Bibi yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na bati kubwa la biskuti ambalo ndani yake hamkuwa na biskuti hata moja, bali picha za ukoo mzima: harusi, safari, watoto waliovalishwa nguo za Idi, wanaume waliosimama mbele ya maduka ambayo leo hayapo. Unyevu ulikuwa umeanza kuzila. Tukaamua kuzipitisha kwenye skana moja baada ya nyingine, na baada ya miezi mingi tukawa na picha zipatazo 2,300 ndani ya kompyuta ya nyumbani.

Skana haimjui mtu. Kila picha ilipewa jina la namba, basi. Hapo ndipo tulipoifurahia programu moja ndogo ya nyongeza, ambayo tuliipata bure kwenye intaneti. Ilikuwa inajipachika kwenye dirisha lile la kawaida la kuangalilia mafaili. Iliweza kutuonyesha folda mbili ubavu kwa ubavu, iliweza kulipaka faili rangi, na zaidi ya yote ilituruhusu kuandika mstari wa maelezo chini ya kila faili. Rangi ya kijani tukawapa watu wa upande wa babu, ya manjano watu wa upande wa bibi, na nyekundu zile picha ambazo bado hatujaziuliza.

Basi ikawa kila jioni baada ya Isha bibi anaketi na chai yake ya rangi, mtoto mmoja anafungua picha, na sisi tunaandika. "Huyu shemeji yake babu yenu, alikuwa akiuza mafuta ya taa." "Hawa mapacha, mmoja alifariki mdogo." Wakati mwingine alinyamaza kwa muda, akasema, "Wanangu, huyu nimemsahau, mniulize kesho." Na kesho yake kweli alikuwa amemkumbuka.

Tuliendelea hivyo kwa muda wa miaka miwili hivi, mpaka bibi alipotutoka.

Miezi michache baadaye kompyuta ikaanza kutukumbusha kila siku kwamba liko toleo jipya la mfumo endeshi. Usiku mmoja, bila kumuuliza mtu na bila kusoma chochote, tukabonyeza kukubali, tukaenda kulala. Asubuhi tuliamka na kompyuta nzuri, ya haraka, yenye sura mpya. Tulipofungua folda ya bibi, picha zote zilikuwepo. Rangi hazikuwepo, wala maelezo. Ile programu ndogo ilikuwa imezimwa kimyakimya kwa sababu haikubaliani na toleo jipya, na aliyeitengeneza alikuwa ameacha kuishughulikia zamani.

Tulimpelekea fundi. Akaangalia, akatujibu kwa upole, "Picha zenu zote zipo jamani, hakuna hata moja iliyopotea." Alisema kweli. Ila picha zipo na majina hayapo. Maelezo yetu yalikuwa yamehifadhiwa ndani ya faili moja la programu yenyewe, kwa maandishi ambayo hakuna kitu kingine kinachoweza kuyasoma. Na siku za kuturuhusu kurudi kwenye toleo la zamani zilikuwa zimekwisha, kwani tulikuwa tumekaa wiki tatu tukidhani mambo yatajirekebisha yenyewe.

Alhamdulillahi, haikuwa hasara kamili. Mjomba wetu mmoja alikuwa na kompyuta kuukuu tuliyompa, yenye nakala ya kazi hiyo ya mwaka wa kwanza. Kutoka humo tuliokoa zaidi ya nusu. Lakini picha mia sita na ushee hazina majina mpaka leo. Jioni moja bibi alituonyesha mwanamke aliyejifunga kanga, akasema, "Huyu ndiye aliyenipokea siku niliyoletwa ugenini, na asingekuwa yeye ningerudi kwetu." Maneno hayo tunayakumbuka wote nyumbani. Picha hatuijui. Wamo wanawake zaidi ya arobaini waliojifunga kanga.

KWA NINI NYONGEZA HUFA

Tulipouliza tulielewa kwamba jambo hili wala si ajabu. Programu kamili husimama kwa miguu yake. Nyongeza ni kama rafu uliyoigongomea kwenye ukuta wa nyumba ya kupanga. Rafu ni yako, lakini ukuta ni wa mwenye nyumba. Akiubomoa na kujenga mwingine, hana habari na rafu yako, na huenda ukuta mpya haushiki misumari.

Mara nyingine mwenye nyumba ana sababu nzuri. Programu inayojiingiza ndani ya programu nyingine inaweza kuona kila kitu kinachopita humo, na wezi hutumia mlango huohuo. Kwa mfano, kwenye kompyuta za Apple, toleo la OS X El Capitan la mwaka 2015 lilikuja na kinga iitwayo System Integrity Protection, inayozuia programu kujichomeka ndani ya programu za mfumo wenyewe. Nyongeza za kupangia mafaili kama TotalFinder na XtraFinder, zilizokuwa zikijipachika ndani ya Finder, hazikuweza tena kufanya kazi yake bila mwenye kompyuta kuilegeza kinga hiyo kwanza. Mtu akawa anachagua: usalama au mazoea yake.

Mfano mwingine ni wa Windows. Wengi mnakumbuka katika Windows XP kilikuwepo kitufe cha kupanda folda moja juu. Windows Vista ilipotoka kwa watu wote mwaka 2007, kitufe hicho kiliondolewa, na hakikurudi mpaka Windows 8 mwaka 2012. Katikati hapo, mwaka 2009, mtu mmoja aitwaye Ivo Beltchev alitoa Classic Shell, programu ya bure iliyorudisha kitufe hicho na mambo mengine ya zamani yaliyopendwa. Mwezi Desemba 2017 alitangaza kwamba anaacha. Miongoni mwa sababu alizozitaja ni kuwa Windows 10 ilikuwa inabadilishwa mara mbili kwa mwaka, na kila badiliko lilivunja kitu kidogo ambacho yeye ilimlazimu akae akitengeneze. Alifanya jambo la kiungwana: aliacha wazi maandishi ya ndani ya programu yake, na watu wengine wa kujitolea wakaichukua na kuiendeleza kwa jina la Open-Shell.

Tizameni hapo ndugu zetu. Mtu mmoja, kwa muda wake wa mapumziko, alikuwa akikimbizana na kampuni kubwa kuliko zote za kazi hiyo. Sisi tulioitumia nyongeza yetu bure miaka yote ile hatukuwahi kumwandikia aliyeitengeneza hata neno la ahsante, seuze kumchangia. Halafu alipochoka tukashangaa. Tunaona haya kulisema, lakini ni kweli.

WATAKAOTUPINGA

Wapo watakaosema: basi msisasishe kompyuta, usiache mbachao kwa msala upitao. Usemi huo ni mzuri lakini hapa haufai. Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta iliyobaki bila marekebisho ya usalama huku imeunganishwa na intaneti ni nyumba isiyo na komeo. Ndani yake mna picha za mabinti zetu, vyeti vya kuzaliwa, na karatasi za benki. Huwezi kuuacha mlango wazi kwa sababu tu ufunguo mpya huupendi.

Wapo pia watakaosema: ni programu ndogo tu, tafuteni nyingine. Nao tunawaambia kwamba programu nyingine tulishaipata, na ni nzuri kuliko ile. Hatulilii vitufe. Tunachokililia ni kwamba tuliyaacha majina ya watu ndani ya kitu tulichoazima, na cha kuazima hakisitiri.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye jambo lenyewe. Tumia nyongeza yoyote ikurahisishie kazi, lakini maana ya vitu vyako isikae ndani yake. Nyongeza iwe mkono wa kupangia, isiwe kumbukumbu.

USHAURI WETU KWA KILA NYUMBA

Kwanza, andika habari kwenye jina la faili lenyewe. Anza na mwaka, mwezi na siku, kisha tukio na majina, kwa mfano: 1987-04-12 harusi ya mama mkubwa, waliosimama kushoto kwenda kulia ni fulani na fulani. Ukianza na mwaka, mafaili yatajipanga yenyewe kwa tarehe katika kompyuta yoyote. Jina la faili husafiri na faili, liende kwenye simu, flashi au diski. Jihadhari tu usitumie alama kama nukta pacha, mkwaju au alama ya kuuliza, kwani Windows haizikubali kwenye majina.

Pili, katika kila folda weka faili moja la maandishi matupu, lile la kawaida lisilo na mapambo, ueleze humo ni picha za nani na nani aliyezitambua. Maandishi ya namna hiyo hufunguka kwenye kompyuta yoyote, ya miaka thelathini iliyopita na ya leo.

Tatu, picha za aina ya JPEG zinaweza kubeba maelezo ndani yake zenyewe. Katika Windows, bofya picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua Properties, kisha Details, uandike. Lakini msizitegemee rangi na lebo ambazo hamjui zinahifadhiwa wapi. Baadhi ya nyongeza huziweka sehemu iliyofichika ambayo hupotea mara tu unaponakili faili kwenye flashi ya mtindo wa FAT32.

Nne, kabla ya kukubali toleo jipya, tengeneza nakala ya akiba kwenye diski ya nje na uichomoe. Kisha orodhesha nyongeza zako zote na uulizie moja moja kama inakubaliana na toleo hilo. Kama nyongeza ina njia ya kutoa maelezo yako nje kuwa maandishi, fanya hivyo siku hiyohiyo.

Tano, baada ya kusasisha usingoje. Anayehamia Windows 11 kutoka toleo la 10 hupewa siku 10 tu za kurudi nyuma kwa urahisi. Kagua kazi zako za muhimu siku ya kwanza, si baada ya wiki tatu kama sisi.

Sita, mkumbuke aliyekutengenezea. Ukiona programu ndogo inakufaa kila siku, mwandikie, umshukuru, na ukiweza umchangie chochote.

Sisi hivi sasa tumerudi kwenye kazi. Zile picha mia sita tumezichapisha kwenye karatasi, na kila Jumapili mmoja wetu anazipeleka kwa mzee mwingine wa ukoo. Shangazi yetu mkubwa, ambaye macho yake si mazuri tena, amekwishatambua themanini na moja. Safari hii binti yetu anaandika kwenye daftari la karatasi kwanza, kwa kalamu ya wino, kisha kwenye jina la faili. Mwanamke wa kanga bado hajapatikana.

Nanyi wasomaji wetu, kama nyumbani kwenu yupo mzee anayeyajua majina, msingoje mwisho wa mwezi. Kaeni naye leo usiku.