Picha ya mtoto ni amana, tubishe hodi kwanza

KATIKA kisiwa cha Goziba, wilayani Muleba, watu huja na kuondoka kwa kufuata samaki. Mvuvi wa dagaa hungoja usiku wa giza ndipo awashe taa zake ziwani. Mbalamwezi ikiwaka hupumzika nchi kavu. Mahali kama hapo, mgeni wa leo huenda kesho akawa ameshapanda boti, na simu yake mfukoni.

Tuchukulie siku ya sherehe ya shule. Watoto wanacheza ngoma iliyotungwa kutokana na kisa cha Sultani Darai, kile cha paa aliyemtoa maskini jalalani akamfanya mtu mkubwa, kisha maskini huyo akamsahau. Ni hadithi ya kale. Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870, pamoja na nyingine alizozipokea Unguja. Binti wa miaka tisa amevaa pembe za karatasi. Mara watu wazima wanasimama mbele, simu juu, na walioketi nyuma hawaoni ila migongo.

Sikusudii kufungua hapa mlango wa khitilafu ya wanazuoni juu ya picha za kamera. Wala simlaumu mama anayempiga picha mwanawe ili baba aliye ziwani naye aone. Swali langu ni juu ya mtoto wa mwenzio: nani amekupa idhini?

Surat an-Nur inatufunza tusiingie nyumba za watu mpaka tupate ruhusa na kuwasalimu wenyewe. Sura hiyo hiyo inataka hata watoto wasiobaleghe waombe ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri na baada ya Isha. Ikiwa mtoto anafundishwa kubisha hodi, vipi mtu mzima achukue sura yake bila hodi, kisha aisambaze kwa watu asiowajua?

Atasema msemaji: mtoto amecheza hadharani. Ni kweli, lakini waliomtazama ni majirani wanaomjua kwa jina la babaye, na ngoma ilipokwisha, imekwisha. Picha haiishi. Binti yule atakapokuwa mwari ataikuta mikononi mwa wasiomtakia stara, wala hatakuwa na pa kuifutia.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, imeziweka taarifa zinazomhusu mtoto katika kundi la taarifa nyeti.

Basi walimu na wazazi wakubaliane mapema. Ateuliwe mpiga picha mmoja anayejulikana, akae pembeni, na picha akabidhi wazazi. Asiyeridhia mwanawe apigwe picha aheshimiwe, na mtoto huyo asitolewe kwenye ngoma.

Paa wa hadithi alitoa kila alichoweza, asipate wa kumlinda. Watoto wetu wametupa furaha yao. Tusiwalipe kama maskini yule. Wallahu aalam.