Nuru Iliyopinda Si Uongo

Tangu picha ya kwanza ya darubini ya James Webb ilipotolewa Julai 2022, kuna maneno tunayasikia kila tunapokusanyika, iwe arusini, msibani au kwenye baraza ya Idi: "Hizo si picha, ni michoro ya kompyuta." Mwingine huongeza: "Wenyewe wanakiri kwamba nuru imepinda njiani. Sasa wameona nini? Mazigazi matupu!" Watu wanacheka, mazungumzo yanahamia kwenye bei ya tiketi. Watoto wamekaa pembeni, wanasikiliza.

Sisi tunasema hoja hiyo ni mbovu, na kicheko chake kina gharama. Tuanze na hoja.

Ndugu zetu walioko Oman, waliowahi kuendesha gari mchana wa kiangazi kutoka Muscat kwenda Salalah, wanayajua mazigazi. Lami mbele inametameta kama dimbwi. Ukifika hakuna tone. Lakini ule mmeto si uzushi wa macho. Ni nuru halisi ya mbingu, imepindwa na hewa ya moto juu ya lami, ikaingia machoni kutokea chini. Nuru haikudanganya. Aliyekosea ni aliyesema ni maji. Anayejua hewa ya moto inavyopinda nuru hupata habari mbili kwa mpigo: habari ya mbingu na habari ya joto la barabara.

Galaksi za mbali nazo ni hivyo hivyo. Mwaka 1915 Albert Einstein alieleza kwamba kitu kizito hupinda nafasi inayokizunguka, na nuru inayopita karibu nacho hufuata mpindo huo. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa, na kivuli kikavuka kutoka Brazil hadi Afrika, kikapita Kongo na kufika Ziwa Tanganyika. Waingereza walituma watu Sobral kule Brazil, na kisiwa cha Principe, ambako Arthur Eddington alipiga picha za nyota zilizoonekana kando ya jua lililofunikwa. Nyota zilikuwa kama zimesogea kutoka mahali pake, kwa kiasi kilichokaribiana na hesabu ya Einstein.

Na jua ni dogo. Kishada cha galaksi, yaani galaksi kwa mamia zilizoshikana kwa mvutano wao, kina uzito wa majua trilioni mamia. Kitu kama hicho kikisimama katikati yetu na galaksi iliyo nyuma yake, huikusanya nuru yake na kuikuza, kama lenzi ya miwani. Fritz Zwicky alilitabiri jambo hili mwaka 1937. Ilichukua hadi mwaka 1979 kuonekana mfano wa kwanza: kiini king'avu cha galaksi ya mbali kilichojitokeza mara mbili, sura mbili za kitu kimoja.

Picha ya Julai 2022 ni ya kishada kiitwacho SMACS 0723. Nuru yake imesafiri miaka bilioni 4.6 kutufikia. Zile tao nyembamba zinazokizunguka ni galaksi zilizo nyuma yake kabisa, zimevutwa na kukuzwa. Nuru ya mojawapo ya galaksi za nyuma imesafiri miaka bilioni 13.1, na ulimwengu wote una umri wa miaka bilioni 13.8. Bila kile kishada kusimama njiani, nyingi kati ya galaksi hizo changa zingekuwa hafifu mno kuchunguzwa vizuri, hata kwa darubini hiyo.

"Watajuaje kwamba hawajidanganyi?" Hilo ni swali zuri, na kuuliza si ujinga. Jawabu lake tunalo. Novemba 2014 darubini ya Hubble ilionyesha nyota iliyolipuka, imejitokeza mara nne kuizunguka galaksi moja ndani ya kishada cha MACS J1149. Mlipuko ni mmoja, nuru yake ilipita njia nne. Wanafalaki wakapiga hesabu ya uzito wa kishada, kisha wakatangaza mapema: ipo njia nyingine ndefu zaidi, nuru iliyopita huko bado haijafika, itatokea mahali fulani baada ya muda fulani. Wakaelekeza darubini na kungoja. Tarehe 11 Desemba 2015 ilionekana, palepale. Mlipuko huo uliitwa Refsdal, kwa heshima ya Sjur Refsdal, Mnorwei aliyeandika mwaka 1964 juu ya kutumia ucheleweshaji wa namna hiyo kuupima ulimwengu. Tunawauliza wenye kejeli: ni mchoraji gani anayepanga miadi na mbingu, na mbingu ikaitimiza?

Wana neno moja la haki, nasi hatuwanyimi. Rangi za picha hizo zimechaguliwa na watu. Ulimwengu unatanuka, na nuru ya galaksi hizo imenyooshwa njiani mpaka jicho haliwezi kuiona. Darubini huipokea, kisha wataalamu huipa rangi tunazoziona. Hawalifichi hilo. Wala hawaoni haya kujisahihisha. Mwaka 2022 walitangaza Earendel, nyota moja iliyokuzwa maelfu ya mara. Baadaye wengine miongoni mwao wakasema huenda ni kundi la nyota. Mzushi hutetea uzushi wake. Hawa wanashindana kutafuta kosa lao wenyewe.

Sasa gharama. Mtoto aliyekaa pembeni atakwenda shuleni Jumatatu, na mwalimu atamweleza tao zile ni nini, kwa lugha ya shule. Nyumbani amesikia kejeli, kwa Kiswahili. Hatahitaji kuambiwa. Atajua mwenyewe kwamba lugha ile ni ya kueleza mambo, na hii yetu ni ya kuyacheka. Kisha tunalalamika kwamba watoto hawataki kusema Kiswahili!

Wala si kweli kwamba mambo haya hayatuhusu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutumwa mahususi kuchunguza eksirei za angani, na iligundua eksirei zinazotoka kwenye vishada vya galaksi, vya aina hiihii inayotumika leo kama lenzi. Hadi leo vitu kadhaa vya angani vina herufi U katika majina yao, na U hiyo ni Uhuru. Sisi tunasema ni michoro!

Maneno tunayo: falaki, darubini, nuru, kupinda, kukuza. Tuyatumie. Mtakapokutana tena, chukueni glasi yenye kitako kinene, iwekeni juu ya gazeti, mwambieni mtoto aisogeze polepole juu ya nukta moja. Nukta itanyooka iwe tao, pengine itakuwa mbili. Mwulizeni, kwa Kiswahili: je, nukta ni ya uongo? Kisha mpeni nafasi ajibu.