Moshi Mweusi Si Nguvu

Nina ugomvi na waandishi wenzangu, na ugomvi wenyewe unahusu moshi. Katika hadithi tunazoandikiana sisi vijana wa huku Shinyanga na Geita, shujaa akishapata dhahabu hununua pikapu. Halafu anaipeleka gereji "ikafunguliwe". Inatoka inanguruma, inatema moshi mweusi, wasichana wa Katoro wanageuka kuitazama, na sura inaishia hapo. Mimi mwenyewe niliandika sura ya namna hiyo. Ilikuwa ukurasa wa 41 wa daftari langu la riwaya. Nimeichana. Naomba niwaeleze sababu.

Kwanza tuelewane kuhusu huo moshi. Injini ya Bwana Rudolf Diesel, Mjerumani aliyefanikiwa mwaka 1897, haina plagi ya kutoa cheche. Inabana hewa mpaka hewa inakuwa ya moto sana, kisha dizeli inanyunyiziwa humo na kuwaka yenyewe. Kwa hiyo hewa ndiyo yenye kauli. Ikitosha, dizeli inaungua vizuri. Ukizidisha dizeli na hewa ikabaki ileile, iliyozidi inatoka kwenye eksozi ikiwa masizi. Moshi mweusi ni dizeli uliyoilipia kituo cha mafuta halafu ukaimwaga angani. Sasa hapo unajisifia nini, ndugu yangu?

Na huku kwetu hewa yenyewe ina upungufu. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 10. Yaani injini isiyo na tabo imeshapunjwa kabla fundi hajashika spana.

Nisikilizeni kisa cha mjomba wangu. Aliuza ng'ombe 14 akanunua Hilux kuukuu, injini ya 3L, lita 2.8, haina tabo. Kazi yake ilikuwa kubeba viroba vya mawe ya dhahabu kutoka maduarani, upande wa Nyarugusu, kupeleka kwenye karasha. Kule anayewahi ndiye anayepata mzigo wa pili. Mjomba akaona anaachwa. Akaenda gereji moja, siitaji. Fundi akalegeza nati ya skrubu ya dizeli nyuma ya pampu, akaikaza skrubu mzunguko mmoja na nusu kwa kukisia, akaondoa sailensa, akaongeza springi tatu kila upande. Asubuhi moja tu, kazi imekwisha.

Nilikuwepo. Nikamwuliza, "Mjomba, na breki je?"

"Mjomba, breki ni za kusimama. Mimi nataka kwenda."

Tukacheka wote, hata mimi.

Majuma matatu gari lilipanda vilima kama limetumwa. Pikapu iliyotengenezwa kubeba kama tani moja ikawa inabebeshwa mbili, maana springi zilikubali. Lakini springi haiongezi breki, wala ekseli, wala chesisi. Siku moja kwenye mteremko pedeli ya breki ikazama mpaka chini, breki zimeshachemka. Gari likaenda kujipigiza kwenye tuta. Mjomba hakupata hata mkwaruzo. Aliyeumia ni tandiboi aliyekaa juu ya viroba, kijana niliyemaliza naye kidato cha nne. Mguu ulivunjika mahali pawili. Mpaka leo anachechemea.

Mwezi mmoja baada ya gari kutengenezwa, pistoni ikayeyuka. Dizeli ikizidi hewa, joto ndani ya silinda nalo hupanda, na kupanda mlima na tani mbili ndipo linapopanda zaidi. Ng'ombe 14 wakaishia hapo.

Najua mtakavyonijibu. Wa kwanza atasema: mbona Australia watu wanafunga tabo kwenye Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ambayo kiwandani haikuwa nayo? Ni kweli. Tabo si uchawi wala dhambi. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza yake mwaka 1905, na wazo ni la haki kabisa: moshi unaotoka unazungusha gurudumu, na gurudumu linasukuma hewa zaidi ndani. Hapo umeleta hewa kabla ya kudai nguvu. Lakini anayeifunga kwa akili huweka na geji ya joto la eksozi, anarekebisha pampu kidogo kidogo huku macho yako kwenye geji. Na Toyota wenyewe walipotaka injini ya lita 4.2 yenye tabo hawakuibandika tu juu ya 1HZ. Walitengeneza 1HD-T, yenye mgandamizo mdogo zaidi na unyunyizaji wa namna nyingine. Kama waliounda injini walijipa shida hiyo, sisi wa spana moja tuna haraka ya nini?

Wa pili atasema: maskini hana pesa ya geji, na akisubiri, mzigo utachukuliwa. Hili ndilo jibu la mjomba, na silidharau, kwa sababu ni kweli mzigo huchukuliwa. Ila niulize: haraka ni ya nani? Mwenye mawe analipa kwa tripu, na sijawahi kumsikia akiuliza habari za breki. Haraka ni yake, mguu ni wa tandiboi. Yale mawe yamekaa ardhini tangu enzi na enzi, yakichelewa saa mbili kufika kwenye karasha dhahabu haiozi.

Mafundi siwalaumu sana. Wengi wana sikio ambalo mhandisi wa chuo angelionea wivu; akisikia injini anajua nozeli ipi imechoka. Lakini sikio halisikii joto. Ninachodai ni utaratibu: breki kwanza, kisha rejeta, kisha hewa, geji, na skrubu ya dizeli mwisho kabisa. Mwenye gari asiyeweza kulipia manne ya mwanzo asiruhusiwe na fundi wake kuligusa la tano. Fundi akikataa kazi moja hatakufa njaa.

Narudi kwenu, waandishi wenzangu. Sisi ndio tumeufanya moshi huo uonekane ushujaa. Tunamaliza sura pikapu inapotoka gereji, hatuandiki ya mteremko. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mwandishi anayeficha ukingo anamdanganya msomaji. Ukurasa wangu wa 41 nimeuandika upya. Unaanza na kijana aliyekaa juu ya viroba, anaishikilia kamba kwa mikono miwili, mlima umekwisha na gari linaanza kushuka. Atakayenibishia aje na hoja, asije na moshi.