DAWA YA SIDA NA DAWA YA KIFUA ZIFAHAMIANE



Katika ukurasa huu mmesoma mengi juu ya kofia, viatu na vumbi. Leo tuseme juu ya sida. Namna inavyoambukiza mnaijua. Mimi nataka kusema juu ya mgonjwa anayepita mikononi mwa waganga wengi wasiojuana.

Tazameni safari yake. Dawa za sida anazipata bure kwenye kituo cha afya cha serikali hapa Goma, katika zoni ya afya ya Goma au ya Karisimbi, kwa mpango wa taifa unaoitwa PNLS. Akikohoa, makohozi yanapimwa kwenye kituo cha kifua kikuu. Mgongo ukimwuma akiwa mgodini, anakuja kwetu kwenye dispansari ya kampuni. Mtu ni mmoja, fishi ni tatu, na hakuna fishi inayosema na mwenzake.

HATARI IKO WAPI?

Iko ndani ya vidonge. Kidonge cha sida wanachomeza watu wazima wengi sasa kina dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini inapunguza nguvu ya dolutegraviri mwilini. Kwa hiyo mwenye magonjwa yote mawili huongezewa kidonge cha dolutegraviri, saa kumi na mbili baada ya kile cha kwanza. Nani atamwongezea, ikiwa anayetoa rifampisini hajui kwamba mgonjwa anameza dawa za sida?

Tena kuna dawa ndogo ndogo. Baadhi ya dawa za kiungulia, zikimezwa pamoja na dolutegraviri, zinaizuia isiingie vizuri mwilini. Diklofenaki, ambayo wachimbaji wanaipenda kwa ajili ya mgongo, inaweza kuharibu figo ikikutana na tenofoviri. Mganga anayetoa diklofenaki bila kujua hana ubaya wowote, lakini figo hazijui nia yake.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito zaidi. Vumbi la mawe linadhoofisha mapafu, na virusi vya sida vinadhoofisha kinga ya mwili. Vikikutana kwa mtu mmoja, hatari ya kifua kikuu inakuwa kubwa kuliko tukihesabu kila kimoja peke yake.

KAMPUNI IFANYE NINI?

Wengine wanasema kampuni inunue dawa za sida na kufungua kituo chake. Mimi sikubali. Siku mkataba unapoisha, dawa nazo ziishe? Na bibi na watoto waliobaki Goma, nani atawafuata? Dawa zibaki mikononi mwa mpango wa taifa, na kampuni iwe daraja.

Daraja hilo linahitaji vitu vitatu. Kwanza, mtu mmoja wa dispansari afuate safari ya kila mgonjwa anayekubali: aandike barua ya kumpeleka, na asitulie mpaka barua ya kurudi imefika. Pili, siku ya miadi iwe siku ya kulipwa, na msimamizi asiulize ni miadi ya nini. Tatu, anayepanda mgodini apewe dawa za miezi kadhaa, kama kituo chake kinakubali.

Siri ni msingi wa yote. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inamlinda mwenye virusi asibaguliwe, hata kazini. Fishi ya mgonjwa isifike kwenye ofisi ya wafanyakazi. Mtu akiogopa kwamba mkubwa wake atasoma, atanyamaza mbele ya mganga, na kunyamaza huko ndiko kunakoua.

NA WEWE UFANYE NINI?

1. Mwambie kila mganga dawa zote unazomeza, hata ulizonunua sokoni.

2. Karti yako na dawa za siku chache zikae katika mfuko unaoweza kuuchukua mbio. Mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ililipuka, na watu wengi wakaukimbia mji. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia Goma, watu wakakimbia tena. Aliyekuwa na karti yake, hata kituo kigeni kiliweza kujua anameza nini.

3. Kikohozi cha wiki mbili kipimwe. Lakini mwenye virusi asingoje wiki mbili: apimwe mara anapoanza kukohoa.

4. Omba kupimwa wingi wa virusi katika damu. Anayemeza dawa kila siku mpaka virusi havionekani tena kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ndoa. Akina mama, jambo hili mlijue, linaondoa maneno mengi nyumbani.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kituo cha serikali peke yake hakitoshi, na dispansari yetu peke yake haitoshi. Lakini wewe ndiwe peke yako unayepita kwote kutatu. Basi, sema. Na sisi wa dispansari, tusikie, tuandike, na tufunge midomo.