Kuzima Umeme Si Kuumaliza

Baadhi ya vijana wetu hapa Uingereza wamevutiwa na kuunda koili ya Tesla, chombo cha kurusha cheche ndefu alichokibuni Nikola Tesla mwaka 1891. Hamu ya elimu hatuipingi. Tunachokihofia ni saa ile chombo kinapogoma, na kijana akainama kutafuta kosa.

Transfoma ya taa za neoni huweza kupandisha volti 230 za nyumbani hadi 10,000, na kapasita huuhifadhi umeme huo. Plagi ikishachomolewa, kapasita yaweza kubaki imejaa. Basi kwanza plagi ichomolewe. Pili, kapasita imalizwe umeme kwa waya uliounganishwa na ardhi na kufungwa kwenye mpini mrefu usiopitisha umeme. Ndipo mkono ukaribie.

Fyuzi ikiungua kila mara, transfoma itenganishwe na vyote vinavyoifuata, kisha iwashwe peke yake kwa muda mfupi, watu wakiwa mbali. Ikiungua tena, kosa limo ndani ya transfoma au kabla yake. Isipoungua, litafutwe kwenye kapasita na mwanya wa cheche. Mita ya kawaida isipime huko, kwani haikuundwa kwa volti hizo. Transfoma ya jiko la mikrowevu iepukwe kabisa: mkondo wake mkubwa umekwisha kuua watu.

Wazazi, hatuwaombi mkataze. Tunawaomba kijana asitafute kosa peke yake. Mtu mzima asimame karibu na swichi kuu.