Tenisi ya wanamuke: mushahara wa uzazi, nani analipa?

Tangu mwezi wa 3 mwaka 2025, wachezaji wa WTA, shirika la tenisi ya wanamuke, wanaweza kulipwa hadi miezi 12 wakienda kuzaa. Siye tunaofuata michezo yao tunasema: ni jambo kubwa. Muchezaji wa tenisi hana patron. Asipocheza, hakuna franga, sawa na muchimbaji asiye na mukataba, siku hakushuka mu shimo.

Serena Williams alishinda kule Australia mwezi wa 1 mwaka 2017, mimba iko tayari. Roland-Garros ya 2018 ilimukuta nambari 451. Sheria ya nafasi ilirekebishwa kisha. Na Serena alikuwa na akiba. Yule wa nambari 200 je, angekula nini?

Lakini tuangalie franga zenyewe. Zinatoka PIF, mfuko wa serikali ya Saudi Arabia. Hazitoki kwa ile michuano mikubwa minne, yenye kuuza tiketi na televisheni kila mwaka. Hapo hatukubali. Mudhamini akifunga mukono kesho, mama na mutoto watabaki na nini? Haki hii iingie mu bajeti ya michuano yenyewe, mbele mudhamini hajachoka.