Usiniambie "Meno Bado Yapo"

Leo sitaandika kuhusu programu huria wala jinsi ya kuweka seva nyumbani kwako. Waliokuja kusoma sehemu ya tatu ya somo la Python wanisamehe, itakuja wiki ijayo. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni ya matairi.

Wengi wenu mnajua kwamba nikitoka kwenye tarakilishi napanda pikipiki. Si ya mashindano na si ya kubeba abiria. Ni hizi za kati, zenye miguu mirefu, zinazokwenda kwenye lami na kwenye vumbi pia. Matairi yake nayo ni ya kati: meno makubwa yaliyoachana ili yashike changarawe, lakini si makubwa kiasi cha kukutetemesha mpaka taya zigongane ukirudi kwenye lami.

Januari 2024 tuliondoka Nairobi, mimi na rafiki yangu mmoja, tukapita Isiolo hadi Laisamis, tukakunja kushoto kuelekea Loiyangalani kwa ile barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo. Tukaliona ziwa, tukala samaki, tukapitia North Horr na Kalacha, tukavuka mchanga wa Chalbi na kupanda Marsabit. Hadi hapo safari ilikuwa tamu. Siku ya kurudi, tuko kwenye lami safi kabisa, saa nane mchana, jua limesimama kichwani, nikasikia nyuma kunagonga. Tuk, tuk, tuk. Nikapunguza, na mgongo nao ukapungua. Nikasimama.

Jino moja la mstari wa katikati lilikuwa linaning'inia kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Nikalishika kwa vidole viwili, likatikisika. Nikazungusha gurudumu na kuchungulia. Chini ya karibu kila jino kulikuwa na ufa, na ukikunja jino ufa unafunguka kama mdomo. Rafiki yangu akainama, akaangalia, akasema kwa sauti ya mtu anayekufariji: "Lakini meno bado yapo."

Ni kweli yalikuwapo. Tairi hilo lilikuwa halijamaliza hata kilomita 4,000. Nililinunua jipya, dukani, na stika yake juu. Hapo kando ya barabara ndipo nilipopiga magoti, kwa mara ya kwanza, kutafuta tarehe. Ilikuwa 1417.

Kwa wasiojua: kwenye ubavu wa tairi kuna herufi DOT, kisha herufi na namba nyingine, na mwishoni tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yaani tairi langu lilitoka kiwandani wiki ya 14 ya mwaka 2017. Nami nililinunua mwaka 2022. Lilikaa miaka mitano mahali fulani kabla sijalipa senti, na hakuna aliyeniambia. Wala sikuuliza. (Kichekesho kwa wanaprogramu wenzangu: kabla ya mwaka 2000 tarakimu zilikuwa tatu tu, kwa hiyo namba peke yake haikuweza kukuambia kama tairi ni la 1988 au la 1998. Tulidhani ni sisi tu tuliobana tarakimu za mwaka.)

Sasa, kwa nini tairi ambalo halijatembea lizeeke? Hapa ndipo watu wengi wanapocheka na kusema mpira ni mpira. Mpira ni mnyororo mrefu wa kaboni, na ndani ya mnyororo huo kuna viungo ambavyo ozoni inavipenda kama mchwa anavyopenda mbao. Ozoni ni oksijeni yenye atomi tatu. Ile ya juu angani inatukinga na jua. Hii ya huku chini, inayozaliwa na moshi wa magari ukipigwa na jua, na pia na cheche za umeme, inakata mnyororo wa mpira. Kiasi kidogo mno kinatosha. Na haikati ovyo: ufa huanza pale mpira unapovutwa. Mpira uliolegea unaweza kukaa hewani muda mrefu usionyeshe ufa, lakini ukiupinda na kuuacha umepinda, unapasuka hapo hapo kwenye mkunjo.

Waundaji wa matairi wanalijua hili tangu zamani. Ndiyo maana wanachanganya nta ndani ya mpira. Nta hupanda polepole hadi juu na kutandaza ngozi nyembamba. Ngozi hiyo inafaa tairi likiwa limetulia. Likianza kupindapinda inavunjika, na hapo kazi inachukuliwa na kemikali kama 6PPD, ambayo huiwahi ozoni kabla haijaugusa mpira. (Kemikali hii ina kesi yake nyingine. Mwaka 2020 watafiti wa jimbo la Washington, Marekani, walieleza kwamba ikishagongana na ozoni inageuka kitu kinachoua samaki aina ya salmoni wa coho mitoni. Hiyo ni makala nyingine.) Ile rangi ya kahawia unayoiona kwenye ubavu wa tairi, ambayo kijana wa kuosha pikipiki anaisugua kwa bidii kisha anaipaka mafuta ya kung'arisha, mara nyingi ndiyo kinga yenyewe imetoka kazini. Inatoka, inatumika, inaisha. Ni betri. Huwezi kuichaji.

Sasa nenda katazame matairi yanavyohifadhiwa hapa kwetu. Yamening'inizwa nje juani, mbele ya duka, tangu saa mbili asubuhi. Mengine yamebanwa chini ya mengine kumi hadi yamekuwa bapa. Mlango wa pili kuna fundi wa kuchomelea vyuma, cheche zinaruka kutwa, na kompresa inanguruma pembeni. Mwongozo wowote wa kuhifadhi mpira utakuambia: kivulini, pakavu, pa baridi, mbali na mota za umeme na uchomeleaji. Sisi tumechukua mwongozo huo tukaugeuza juu chini, kisha tunapaka mafuta ya kung'arisha ili mteja aseme "liko sawa". Ukilipaka tairi nzee mafuta linakuwa jipya machoni. Ni kama kubadilisha rangi ya tovuti na kuacha hitilafu zote nyuma yake.

Najua muuza duka atasema tarehe si ya kuisha muda, kama ile ya maziwa. Ana haki. Tairi lililokaa miaka mitatu gizani, limesimama wima, laweza kuwa zima kuliko la mwaka mmoja lililoanikwa. Kampuni kama Michelin inashauri tairi likifikisha miaka mitano kazini likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifikisha kumi tangu litengenezwe libadilishwe hata kama linapendeza. Sidai kwamba kila tairi la miaka mitano litupwe. Nadai niambiwe. Nikijua ni la miaka mitano nitataka bei ya miaka mitano, au nitaliacha, au nitalinunulia safari ya Naivasha na kurudi. Uamuzi uwe wangu.

Na mimi sijatoka safi katika habari hii. Kule Chalbi nilishusha upepo hadi pauni 20 ili tairi litanuke juu ya mchanga. Hilo ni sawa. Lakini kupandisha tena tulipofika barabara ngumu, hapana, pampu ilikuwa chini ya mahema na mimi nilikuwa nimechoka. Nikapanda hadi Marsabit hivyo hivyo, na mizigo yote nyuma. Matairi haya ya kati yana udhaifu ambao tairi laini la lami halina: kila jino likigusa lami linasukumwa nyuma, likitoka linarudi mbele, na mkunjo wote unaangukia kwenye shina lake. Upepo ukipungua, mkunjo unaongezeka na joto linapanda. Mpira mchanga unavumilia. Mpira uliokwisha kukauka unafunguka shinani. Kwa hiyo hitilafu ilikuwa na sababu mbili, na moja ni yangu. Lakini angalieni: sababu yangu niliijua nikiifanya. Ile nyingine nilifichwa.

Wapo pia wa upande wa pili, wale wanaoona mstari mmoja kama unywele kwenye ubavu na kutangaza tairi limekufa. Hapana, jamani. Mistari myembamba ya juu juu, isiyofunguka ukiibonyeza, ni mvi. Kila tairi linalokaa juani litaota. Kinachonitisha ni ufa ulio kwenye shina la jino na unaofunguka likikunjwa, au ufa wa ubavuni ambao ukucha unazama ndani yake. Ukiona nyuzi, usijadili na mtu, shuka. Na kuna uzee usio na ufa wowote: mpira unakuwa mgumu kama soli ya kiatu cha shule, unalia kwenye lami kavu vizuri tu, halafu siku ya mvua pale mteremko wa Mai Mahiu unagundua kwamba hauna mshiko.

Watengenezaji nao wasidhani nimewasahau. Marekani tairi la gari dogo lazima lipewe alama ya jinsi linavyostahimili kuisha. La pikipiki halimo. Umoja wa Ulaya ulianza kutumia lebo yake mpya ya matairi Mei 2021, na lebo hiyo inahusu magari madogo, ya mizigo midogo na malori. Pikipiki, hakuna. Yaani mwenye magurudumu manne anapewa takwimu, na mwenye mawili, ambaye tairi likikataa hana pa kuegemea, anapewa picha ya jamaa akiruka kilima cha mchanga. Tunanunua kwa masimulizi. "Mimi langu lilinifikisha Addis." Lilikuwa la mwaka gani? Lilibeba kilo ngapi? Lilikaa wapi kabla? Hakuna anayejua. Katika kazi yetu mtu akileta ripoti ya hitilafu bila kutaja toleo la programu tunamrudisha nyumbani.

Nilifika Isiolo usiku, kwa mwendo wa punda, zaidi ya kilomita 200 nikisikiliza ile tuk, tuk. Jino lilidondoka karibu na Archer's Post. Nairobi nikabadilisha tairi, lile bovu nikamwachia fundi wa pancha alitupe.

Wiki mbili baadaye nikaliona. Nalijua, kwa sababu ya lile pengo katikati. Lilikuwa nyuma ya bodaboda, limelazimishwa kwenye ringi ya inchi 18, limeng'arishwa kwa mafuta, na juu yake mama mmoja na watoto wawili waliovaa sare za shule. Nikamfuata kijana hadi stejini. Aliniambia alilinunua kwa bei nzuri, na kwamba, ndiyo, umekisia, meno bado yapo. Ilinibidi nilinunue tairi langu mwenyewe mara ya pili na kumwongezea pesa apate jipya. Tulikwenda pamoja dukani. Tukakataa matatu kabla ya kupata lenye tarehe ya mwaka uliopita, na muuzaji akatutazama kana kwamba tumemwomba cheti cha kuzaliwa.

Kwa hiyo, wasomaji wangu wa magurudumu mawili: lizungushe tairi dukani mpaka uone zile tarakimu nne. Tazama pande zote mbili, mara nyingine ziko upande mmoja tu. Mwambie aandike tarehe kwenye risiti. Akikataa, kuna maduka mengine. Na lile unalotoa kwa sababu limepasuka, usimwachie mtu zima zima, ukijua njaa ilivyo na ukijua litaishia chini ya nani.

Langu nilimpelekea fundi yule yule, nikaazima msumeno wake wa chuma na kulikata ubavu mbele yake. Alinuna. Alisema nimeharibu kitu cha pesa. Sasa liko nyuma ya nyumba yetu, mama watoto amelijaza udongo na kupanda dhania katikati.